Mercedes 280 CE ya mwaka 1982 inauzwa Lubumbashi: je, nikubali bei ya mzee?

Mwana-Kampemba aliandika:

Wandugu, jambo. Naomba shauri lenu kabla sijafungua mfuko, kwa maana makuta yenyewe nimeyakusanya kwa miaka minne, na nikikosea sina pa kuyatafuta mengine.

Hapa Lubumbashi kuna mzee mmoja, mstaafu wa migodi, anayeuza Mercedes-Benz 280 CE ya mwaka 1982. Ni ile ya milango miwili, ambayo ukishusha vioo vyote vinne ubavu mzima unabaki wazi, bila nguzo ya kati. Rangi yake ni buluu nzito, viti ni vya krimu, na gia ni otomatiki. Mzee anataka dola 9,000, na amenieleza kwa upole lakini kwa mkazo kwamba hataki mjadala wa bei, kwa kuwa motokari hiyo ameilea kuliko alivyolea baadhi ya watoto wake.

Nilikwenda kuiona Jumapili baada ya misa. Nilipofika alikuwa amekwisha kuiwasha na kuitoa nje, ili, kama alivyosema, isinipotezee muda. Injini ilinguruma kwa utulivu, na rangi iling'aa hadi nikaona uso wangu kwenye kapo, kile kifuniko cha injini. Ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria mna daftari la shule lenye jalada la kijani: kila mara mafuta ya injini yalipobadilishwa, mzee ameandika kwa mkono tarehe, kilomita na aina ya mafuta, tangu Machi 1994 hadi mwaka huu, bila kuruka. Daftari hilo ndilo lililonimaliza. Nilipouliza habari za miaka kumi na miwili iliyotangulia, alisema aliyemwuzia alikuwa mtu mzuri sana, kisha akamwita mjukuu wake alete chai.

Ningependa kuitumia Jumapili na sikukuu, na pengine kuwabeba maharusi, ili nayo ichangie gharama zake. Mke wangu anasema kwa fedha hizo tungepata Toyota isiyo na maneno mengi. Sina jibu la kumpa, na ndiyo maana nimekuja kwenu. Je, bei hiyo ni ya haki? Vipuri vyake bado vinapatikana? Na nikirudi kwa mzee, niangalie nini?

Fundi wa Katuba alijibu:

Mdogo wangu, jambo la kwanza: motokari uliyoikuta imeshapata joto, hujaiona bado. Simwiti mzee mwongo. Lakini injini hii, ambayo kiwandani inaitwa M110, huficha maradhi yake yote ikishachemka, na huyatoa yote asubuhi ikiwa baridi. Rudi siku nyingine, uweke kiganja chako juu ya kapo kabla hujasalimia mtu. Ikiwa ina vuguvugu, aga kwa heshima na upange siku nyingine.

Ni injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ya sentimita za ujazo 2,746, yenye shafti mbili za kamu juu ya kichwa, na kwa mwaka huo ilitoa nguvu farasi 185. Hapa kwetu, tukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi na farasi wote hawatafika, kwa hiyo usimlaumu mzee kwa hilo. Esanse yake, yaani petroli, haipitii kabureta, inapitia mfumo wa Bosch unaoitwa K-Jetronic, ambao ni wa kimekanika: hewa inayoingia inainua sahani, sahani inasukuma kijiti kidogo, na kijiti hicho ndicho kinachogawa esanse kwa silinda zote sita. Hakuna kompyuta ya kuungua. Kinachouua mfumo huu ni uchafu na maji ndani ya esanse, nasi sote tunajua esanse tunayouziwa pembezoni mwa barabara. Kijiti kikishika kutu, motokari inawaka kwa shida, inakohoa, kisha mtu anakuja na bisibisi kuuchokoa na kuumaliza kabisa. Ndiyo sababu nataka iwashwe ikiwa baridi. Ikishika ndani ya sekunde chache na kusimama bila kuguswa pedali, nusu ya wasiwasi wangu imeisha.

Ikishawaka, nenda nyuma utazame moshi. Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi wakati wa kuwasha, kisha ukapotea, mara nyingi ni mipira ya vali iliyokakamaa kwa uzee. Hilo ni kazi, lakini si msiba. Moshi wa buluu usiokoma ni habari nyingine. Sikiliza upande wa mbele wa injini kama kuna mchakacho wa mnyororo. Halafu tazama kipimo cha shinikizo la mafuta, ambacho kwenye Mercedes hizi kinaishia kwenye 3: ukikanyaga kidogo, sindano inatakiwa kurukia 3 na kubaki pale, hata injini ikiwa ya moto.

Sasa nikwambie kitu ambacho wanunuzi wengi hawakijaribu. Milango ya motokari hii hujifunga kwa mvuto wa hewa, yaani vakyumu, inayopita ndani ya vipira vyembamba vilivyotapakaa mwili mzima. Zima injini, subiri dakika kumi, kisha funga mlango wa dereva kwa ufunguo na usikilize: unatakiwa kusikia mlango wa pili, buti na kifuniko cha esanse vikijifunga pamoja. Tena, kwa kuwa ni ya milango miwili, migongo ya viti vya mbele nayo hushikiliwa na vakyumu hiyohiyo. Ukifungua mlango, mgongo unaachia ili abiria wa nyuma apite. Ukifunga, unakaza. Mtu aliyehangaika kuhakikisha mgongo wa kiti bado unakaza baada ya miaka arobaini, huyo ndiye aliyeitunza motokari. Rangi inayong'aa ni kazi ya wiki moja kwa fundi wa rangi.

Kuhusu rangi, chukua sumaku ndogo, uivike kitambaa ili usikwaruze, na uipitishe juu ya matao ya magurudumu, chini ya milango na pembeni mwa taa za mbele. Mahali inapokataa kushika, chini yake pana mastiki, ule udongo wa kuzibia bati. Sisi hatuna chumvi ya bahari, na miezi ya kiangazi ni mirefu, kwa hiyo bati za Lubumbashi huzeeka vizuri kuliko za Ulaya. Adui yetu ni vumbi jekundu na majani. Fungua kapo, utazame bonde lililo chini ya kioo cha mbele. Kama mzee anaegesha chini ya mjakaranda, maua ya mwezi wa kumi yanaingia humo, yanaziba matundu ya maji, yanaoza, na mvua ya mwezi wa kumi na moja ikija, maji yanasimama na kula bati polepole mpaka yanashukia miguuni mwa abiria. Inua zulia la mbele, pande zote mbili, upapase kwa mkono. Kisha inua gurudumu la akiba ndani ya buti, utazame chini yake.

Bei siizungumzii mpaka nisikie majibu.

Binti wa Likasi alijibu:

Mimi nitazungumza kama mtu aliyewahi kuwa nayo, kwa sababu ushauri wa fundi ni sahihi, lakini fundi hulipwa motokari ikiharibika, na mwenye motokari ndiye anayelipa. (Fundi wa Katuba, usikasirike.)

Marehemu baba alituachia 280 CE ya mwaka 1979, na niliitumia kwa miaka sita kati ya Likasi na Lubumbashi. Upande wa injini sikupata shida kubwa. Injini hiyohiyo ilifungwa kwenye 280 E ya milango minne, kwenye 280 SE za wakubwa wa zamani, na hata kwenye 280 GE, ile ya porini. Kwa hiyo vichujio, pompu, mikanda na vipuri vya freni nilivipata, ama hapa, ama kwa kuagiza kupitia Zambia na Afrika Kusini. Kiwanda chenyewe bado kinauza vipuri vya motokari zake za zamani kupitia kituo chake cha Fellbach, karibu na Stuttgart, ila ukiona bei zake utakaa chini kwanza.

Kilichonishinda ni kioo. Asubuhi moja, kabla sijafika Lubumbashi, lori lililobeba shaba lilinipita kwa kasi na jiwe likaruka kutoka kwenye gurudumu lake. Kioo cha mbele kilipasuka kutoka pembe hadi pembe. Nilidhani nitanunua cha W123 yoyote (ndilo jina la kiwandani la familia nzima ya motokari hizi, za milango miwili na minne), kwa kuwa mji ulikuwa bado unazo nyingi. Fundi alikileta, akakipima, akakirudisha. Motokari hii ya milango miwili ni fupi kwa milimita 85 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, paa lake ni la chini, na kioo chake kimelala zaidi. Hakuna kioo cha milango minne kinachoikubali. Nilisubiri miezi mitano, na muda wote huo nilifunika motokari kwa turubai, huku watu wakiniuliza kama nimefiwa tena.

Vivyo hivyo kwa milango, kwa vioo vya pembeni, na kwa mipira inayozuia maji pale vioo viwili vinapokutana bila nguzo. Zilitengenezwa W123 karibu milioni 2.7 kwa jumla, lakini za milango miwili hazikufika 100,000, kati ya mwaka 1977 na 1985, na 280 CE zilikuwa theluthi moja tu ya hizo. Sasa jiulize ngapi zilifika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na ngapi zilinusurika uporaji wa Oktoba 1991. Kwa hiyo ndugu yangu, vioo vyote ni vizima? Vina alama ya kiwanda ile ile? Hicho cha nyuma kinashuka hadi mwisho?

Kuhusu matumizi, mjini yangu ilikunywa lita 16 kwa kilomita 100 nikiiendesha kwa adabu. Kwa maharusi haina tatizo, maana huko mwendo ni wa taratibu na esanse anailipa bwana harusi.

Mkeo mwambie ukweli: Toyota ni bora kwa kwenda kazini. Nami nisingebadilisha miaka yangu sita kwa Toyota yoyote.

Dereva wa Kasumbalesa alijibu:

Nimesoma yote na sijaona aliyeuliza swali ambalo mimi ningelianza nalo. Mzee aliinunua mwaka 1994. Kutoka kwa nani, na kutoka wapi? Mtu anayeandika kila lita ya mafuta kwa miaka yote hiyo, kisha akiulizwa asili ya motokari anaita chai, kuna kitu anakijua.

Wenzangu wa mpakani watanielewa. Upande wa Zambia wanaendesha kushoto na usukani uko kulia. Sisi tunaendesha kulia na usukani uko kushoto. Kwa miaka mingi motokari nzuri zimevuka pale zikiwa na usukani kulia, kisha zikahamishwa usukani huku kwetu, nyingine kwa ustadi, nyingine kwa ujasiri tu. Juu ya rangi huwezi kujua, lakini namba ya shasi haidanganyi. Kwenye motokari hii imechongwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na kabini. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta na uisome pole pole. Baada ya WDB utaona 123053, ambayo maana yake ni 280 CE. Tarakimu inayofuata mara moja ndiyo ninayotaka uiandike hapa. Ikiwa ni 1, kiwanda kiliizaa na usukani kushoto. Ikiwa ni 2, iliuzwa kwa nchi ya usukani kulia, na mtu fulani ameihamisha.

Na ukishaisoma, ilinganishe na iliyo kwenye "carte rose", yaani kadi ya usajili wa motokari, herufi kwa herufi. Namba ya injini nayo inatakiwa kuanza na 110.

Mwana-Kampemba aliandika:

Aksanti sana, wakubwa wangu. Nimerudi kwa mzee jana jioni, bila kumjulisha, na majibu ninayo.

Kapo ilikuwa baridi, ila mzee alikuwa anaondoka kwenda kwenye msiba, kwa hiyo hatukuwasha. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa sehemu ya ukubwa wa kiganja, nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia. Mazulia yalikuwa makavu. Chini ya gurudumu la akiba mna kutu ya juujuu, ambayo niliikwangua kwa ukucha na haikutoboka. Vioo vyote vina alama moja, na hicho cha nyuma kinashuka hadi mwisho, ingawa kinachukua muda wake. Migongo ya viti inakaza. Mzee alifurahi sana nilipoijaribu, akasema mimi ni mtu wa kwanza kuijaribu kati ya saba waliokuja.

Sasa namba. Niliifuta kwa kitambaa kama nilivyoelekezwa, na baada ya 123053 nikaona 2.

Nilimwonyesha mzee. Alinyamaza kwa muda, kisha akakaa kwenye kiti cha abiria na kuniambia habari yote. Aliinunua kutoka kwa mtu aliyeileta kutoka Ndola, Zambia, usukani ukiwa tayari umehamishwa, na yeye aligundua baada ya miaka miwili, alipokuwa akitafuta mahali panapovuja maji. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu majirani walikuwa wamezoea kuamini ilitoka Ujerumani moja kwa moja. Namba ya "carte rose" inalingana na ya shasi, na ya injini inaanza na 110. Bei hajaishusha, lakini amesema tunaweza kuzungumza.

Nikiri kwamba namwamini zaidi sasa kuliko Jumapili ile. Je, niendelee au niachane nayo?

Fundi wa Katuba alijibu:

Dereva wa Kasumbalesa, nakuvulia kofia. Mimi nilikuwa naangalia injini, wewe ukaangalia mpaka.

Mdogo wangu, kuhamishwa usukani peke yake si sababu ya kuiacha. Imetembea hivyo zaidi ya miaka thelathini, na kama kazi ingekuwa mbovu kabisa, daftari lile lingekuwa limeishia kwenye mti. Lakini nataka kuona namna ilivyofanywa, na hapa ndipo nitakapokuwa mkali.

Sanduku la usukani linatakiwa kuwa limehamishwa lote hadi reli ya kushoto ya shasi, pamoja na fimbo zake na mkono wa upande wa pili, vyote vikiwa vya kiwanda. Nimewahi kuona motokari, si ya aina hii, ambayo sanduku liliachwa kulia na usukani wa kushoto ukaunganishwa nalo kwa mnyororo nyuma ya dashibodi. Mnyororo ule ukilegea, usukani unacheza. Ukikatika, unabaki na duara mkononi. Pedali ya freni nayo: je, servo, ile inayoongeza nguvu ya freni, imehamia kushoto mbele ya mguu wa dereva, au kuna chuma kirefu kinachovuka kabini nzima kwenda kusukuma servo iliyobaki kulia? Chuma cha namna hiyo hupinda unapokanyaga kwa hofu, yaani wakati ule hasa unapokihitaji. Nitataka pia kuona kule kulia, chini ya dashibodi, yale matundu ya zamani yalizibwa kwa bati lililochomelewa au kwa mastiki na sala. Nadhani maji aliyoyatafuta mzee yalipitia hapo.

Na taa za mbele. Taa za nchi zinazoendesha kushoto hutupa mwanga mrefu upande wa kushoto. Kwetu mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja. Ikiwa aliyeihamisha alibadilisha na taa, huyo alikuwa fundi wa kweli, na moyo wangu utatulia hata kabla sijaingia chini.

Bei: kwa motokari yenye asili safi, dola 9,000 ningesema jaribu kupunguza kidogo ulipe. Kwa hii, mimi nisingevuka 6,500, na hapo ni iwapo sanduku na freni viko kama nilivyoeleza. Yeyote utakayemwuzia siku za mbele ataisoma tarakimu hiyohiyo. Weka akiba ya magurudumu pia. Ukubwa wake ni 195/70 R14, na usitazame meno ya mpira tu, soma tarakimu nne za tarehe zilizo ubavuni, wiki na mwaka.

Niko huru Jumamosi. Nitakuja na jeki mbili na taa ya mkononi, wala sitaki malipo, nataka tu kuiona.

Binti wa Likasi alijibu:

Kama mzee alikaa kwenye kiti cha abiria kukuambia, mlipe vizuri. Na uombe akuachie daftari, liandikwe kwenye mkataba wa mauzo pamoja na gurudumu la akiba.

Dereva wa Kasumbalesa alijibu:

Kwenye mkataba huohuo mwandike namba ya shasi yote, na kwamba usukani ulihamishwa kabla ya mwaka 1994. Itakulinda wewe, na itamlinda na mzee.

Mwana-Kampemba aliandika:

Nimezungumza na mzee kwa simu. Nimemtajia 6,500, akacheka, akasema 7,500, nikasema tusubiri fundi aingie chini kwanza. Hakukasirika. Jumamosi ni saa moja asubuhi, na nimemsihi asiiwashe. Amesema ufunguo ataulaza kwa jirani kuanzia Ijumaa jioni, kwa sababu anajijua: akiamka usiku, atakwenda kuisikiliza.